Eddie Robinson: kocha aliyewafungulia wengine lango

Tarehe 5 Oktoba 1985, katika uwanja wa Cotton Bowl mjini Dallas, jimbo la Texas, timu ya Chuo Kikuu cha Grambling State iliishinda Prairie View A&M kwa pointi 27 kwa 7. Ulikuwa ushindi wa 324 kwa kocha Eddie Robinson. Siku hiyo alimpita Paul Bryant, kocha mashuhuri wa Alabama, aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla akiwa na ushindi 323.

Wawili hao walifanya kazi kusini mwa Marekani katika zama zilezile. Hata hivyo, timu zao hazikukutana uwanjani hata mara moja. Kwa sehemu kubwa ya maisha yao ya kazi, sheria na desturi za kusini ziliwatenga watu weusi na weupe shuleni, hotelini, kwenye mabasi na michezoni. Bryant alifundisha chuo kikubwa cha Wazungu, chenye fedha na viwanja vya kifahari. Robinson alifundisha chuo kidogo cha Wamarekani weusi, katika mji wa msitu wa misonobari kaskazini mwa Louisiana.

Alikaa hapo tangu mwaka 1941 hadi 1997. Aliondoka akiwa na ushindi 408, vipigo 165 na sare 15. Lakini wanaomkumbuka hawaanzi na hesabu hiyo. Huanza na vijana zaidi ya 200 waliotoka mikononi mwake kwenda ligi za kulipwa, na hasa na nafasi moja uwanjani ambayo mtu mweusi aliambiwa kwamba haimfai.

Mtoto wa shamba la pamba

Eddie Gay Robinson alizaliwa tarehe 13 Februari 1919 katika mji mdogo wa Jackson, Louisiana. Baba yake alilima pamba katika shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na mama yake alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Eddie alipokuwa bado mdogo, familia ilihamia Baton Rouge, makao makuu ya jimbo.

Huko ndiko alikoamua atakuwa nani. Akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, alimwona Julius Kraft, kocha wa shule ya sekondari ya McKinley, akiwasili na wachezaji wake kuwazungumzia watoto. Kocha alivaa nadhifu, alisema kwa utaratibu, na vijana wake walimsikiliza kwa heshima. Mtoto yule hakutamani kuwa kama wachezaji. Alitamani kuwa kama kocha. Robinson alisimulia kisa hicho maisha yake yote, na hakukumbuka wakati wowote baadaye alipotamani kazi nyingine.

Baton Rouge ilikuwa na chuo kikuu kikubwa cha jimbo, LSU, lakini chuo hicho hakikupokea kijana mweusi katika timu yake. Alipomaliza McKinley mwaka 1937, Robinson alikwenda Leland, chuo kidogo cha Kibaptisti katika mji jirani wa Baker. Kocha wake, Reuben Turner, alikuwa pia mhubiri. Turner alimpa kitu ambacho kijana huyo hakuwa amewahi kukiona: daftari lililochorwa mbinu za mchezo, mstari kwa mstari, mchezaji kwa mchezaji. Alimchukua pia hadi Chicago kuhudhuria semina ya makocha. Robinson aligundua kwamba ukocha ni elimu, na kwamba elimu hiyo huandikwa na kujifunzwa.

Pale Leland alicheza nafasi ya kwotabeki. Kwa msomaji aliyezoea soka, huyo ndiye mchezaji anayeliongoza shambulizi. Husimama nyuma ya mstari wa mbele, huupokea mpira mwanzoni mwa kila mpango, kisha ndani ya sekunde chache huamua kama atamkabidhi mwenzake, atakimbia nao mwenyewe, au ataurusha mbali kwa anayewahi mbele. Akikosea yeye, timu nzima imekosea. Robinson aliifanya kazi hiyo vizuri: katika misimu ya 1939 na 1940, Leland ilishinda michezo 18 na kupoteza mmoja tu.

Pamoja na rekodi hiyo, hakukuwa na klabu ya kulipwa ya kumtaka. Katika miaka hiyo Ligi ya Taifa ya futiboli ya Kimarekani, NFL, haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Mlango ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1934, na haukufunguliwa tena hadi 1946. Mwaka 1941, akiwa na shahada mkononi, kwotabeki huyo alikuwa akifanya kazi katika kinu cha kusaga chakula cha mifugo mjini Baton Rouge kwa senti 25 kwa saa.

Kazi nyingi, mshahara mmoja

Mwaka huohuo alimwoa Doris Mott, mpenzi wake wa tangu ujana. Kupitia kwa jamaa akapata habari kwamba chuo fulani kaskazini mwa jimbo kilihitaji kocha. Chuo hicho kiliitwa wakati huo Louisiana Negro Normal and Industrial Institute. Kilianzishwa mwaka 1901 na wakulima weusi waliotaka watoto wao wasome, wakisaidiwa na Charles Adams, aliyetumwa na Booker T. Washington kutoka Tuskegee. Baadaye kiliitwa Chuo cha Grambling, na tangu 1974 Chuo Kikuu cha Grambling State.

Mkuu wa chuo, Ralph Waldo Emerson Jones, alimwajiri Robinson kwa mshahara wa dola 63 na senti 75 kwa mwezi. Kocha alikuwa na umri wa miaka 22, karibu sawa na baadhi ya wachezaji wake.

Cheo kilikuwa kocha, lakini kazi zilikuwa nyingi. Robinson alikata nyasi za uwanja, akachora mistari kwa chokaa, akawafunga wachezaji vifundo vya miguu kwa bandeji, na akaendesha basi. Mchezo ulipokwisha, aliandika mwenyewe habari zake na kuzipeleka magazetini, kwa kuwa hakuna mwandishi aliyetumwa kuuangalia. Kabla ya safari, mikate ya kula njiani ilitayarishwa chuoni. Huo haukuwa ubahili. Migahawa mingi ya barabarani haikuwapa watu weusi huduma, na kocha hakutaka vijana wake wafedheheshwe mbele ya dirisha la jikoni.

Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu: ushindi 3 na vipigo 5. Wa pili, mwaka 1942, ulibaki katika vitabu vya mchezo huo. Grambling ilishinda michezo yote 9, na hakuna timu iliyowafunga hata pointi moja.

Kisha vita vikuu vya pili vya dunia vikawachukua vijana, na chuo kikasimamisha futiboli kwa misimu miwili. Robinson alihamia kufundisha timu ya sekondari ya Grambling. Kisa kimoja cha wakati huo husimuliwa hadi leo. Mzazi mmoja aliwaondoa wanawe katika timu kwa sababu pamba ilikuwa imeiva na mikono haikutosha. Kocha hakugombana naye. Aliichukua timu nzima hadi shambani, wakaichuma pamba pamoja mpaka ikaisha, na vijana wakarudi uwanjani. Mtoto wa mkulima alijua kwamba mzazi yule hakuwa adui wa michezo. Alikuwa mtu mwenye deni la kulipa.

Kengele alfajiri

Vita vilipokwisha, mpango wake ulianza kukomaa. Kila asubuhi kocha alipita katika korido za bweni akipiga kengele, kuwaamsha wachezaji waende darasani. Alifuatilia alama zao za masomo. Aliwafundisha namna ya kukaa mezani, kufunga tai, kuzungumza na mwajiri na kumtazama mtu usoni. Siku ya safari walivaa koti na tai, kama alivyovaa Julius Kraft mbele ya watoto wa Baton Rouge. Yeye mwenyewe hakuacha kusoma: mwaka 1954 alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Iowa.

Uwanjani alikuwa mtu wa kurudia. Mpango mmoja wa shambulizi ungefanywa tena na tena, kwa saa nzima ikibidi, mpaka kila mmoja aufanye bila kufikiri. Hakuwa na mbinu nyingi. Alikuwa na chache zilizoiva. Kila mwaka alihudhuria semina za makocha, akakaa na wenzake Wazungu waliokuwa tayari kuzungumza naye, akauliza na kuandika.

Mwaka 1949, Paul Younger, mzaliwa wa palepale Grambling aliyeitwa kwa utani Tank, yaani kifaru cha vita, aliitwa na Los Angeles Rams. Alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha watu weusi kuingia NFL. Hakuwa amechaguliwa katika orodha rasmi ya wachezaji wapya, alikwenda kujaribiwa. Robinson alimweleza bayana uzito wa safari ile: akishindwa, wenye klabu watasema wamejaribu bora wa vyuo vya weusi na hakufaa, na wengine hawataitwa. Younger hakushindwa. Alikaa katika ligi miaka kumi, akatwaa ubingwa na Rams mwaka 1951.

Baada yake njia ikawa wazi. Willie Davis alikwenda kuwa nguzo ya ulinzi wa Green Bay Packers. Willie Brown na Charlie Joiner wakang'ara, kila mmoja kwa nafasi yake. Mwaka 1963, Junious Buchanan, aliyejulikana kwa jina la Buck, alichaguliwa wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wote wapya wa ligi ya AFL. Klabu iliyomchukua ilikuwa Dallas Texans, ambayo mwaka huohuo ilihamia Kansas City na kuitwa Chiefs. Wote wanne, Davis, Brown, Joiner na Buchanan, wamo katika Jumba la Mashujaa la futiboli ya kulipwa.

Sifa za Grambling zilivuka mipaka ya Louisiana. Mwaka 1968 televisheni ya ABC ilionyesha filamu kuhusu chuo hicho, iliyoongozwa na sauti ya mtangazaji maarufu Howard Cosell. Mwaka huohuo Grambling ilicheza na Morgan State katika uwanja wa Yankee jijini New York mbele ya watazamaji zaidi ya 60,000. Ilishindwa kwa pointi 9 kwa 7, lakini nchi ilikuwa imekwisha kuuona mchezo ambao kwa miaka mingi ulichezwa nyuma ya pazia. Mwaka 1976 timu hizo mbili zilisafiri hadi Tokyo, Japani. Na tangu 1974 pambano la kila mwaka dhidi ya Southern ya Baton Rouge, liitwalo Bayou Classic, limekuwa sikukuu mjini New Orleans.

Nafasi iliyokatazwa

Kulibaki jambo moja lililomkera kwotabeki wa zamani. Klabu za kulipwa zilichukua kutoka Grambling walinzi wenye nguvu, wakimbiaji na wadakaji. Hazikuchukua kwotabeki. Kijana mweusi aliyeicheza nafasi hiyo chuoni, akifika katika ligi ya kulipwa, aghalabu aliambiwa ahamie nafasi nyingine. Sababu haikusemwa hadharani lakini ilijulikana: wengi wa wenye klabu waliamini kwamba mtu mweusi ana miguu na misuli, ila hana akili ya kuongoza wala ujasiri wa kuamuru Wazungu.

Robinson aliamua kulijibu hilo kwa kumwandaa mtu. Alimpata James Harris, kijana mrefu kutoka Monroe, mji ulio karibu na Grambling. Alimfundisha kama klabu za kulipwa zilivyotaka kwotabeki acheze: kusimama imara nyuma ya walinzi wake, kusoma mpangilio wa wapinzani, na kurusha. Hakumtegemea kwa mbio zake, makusudi, ili mtu asipate kisingizio cha kumhamisha. Alimwandaa pia kuzungumza na waandishi, kwa kuwa alijua kwamba kwotabeki ni uso wa klabu.

Mwaka 1969 Harris alichaguliwa na Buffalo Bills, lakini katika mzunguko wa nane, wakati wengi waliokuwa chini yake kwa uwezo walikuwa wamekwisha kuchukuliwa. Alivunjika moyo na akafikiria kutokwenda kabisa. Kocha alimweleza kwamba asipokwenda, huenda pakapita muda mrefu kabla mwingine hajapewa nafasi. Akamwonya pia kwamba akirudi nyumbani asiseme ni kwa sababu ya rangi yake, maana hilo alilijua kabla ya kuondoka. Harris alikwenda. Mwaka huohuo akawa mtu mweusi wa kwanza katika zama za kisasa kuanza msimu wa futiboli ya kulipwa akiwa kwotabeki wa kwanza wa timu yake. Mwaka 1974, akiwa na Rams, akawa wa kwanza kuanza na kushinda mchezo wa mtoano.

Aliyefuata alikuwa Doug Williams, kijana kutoka Zachary, kilomita chache tu kutoka Baker alikosomea Robinson. Mwaka 1977 Williams alishika nafasi ya nne katika kura za tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo. Klabu ya Tampa Bay ilimtuma kocha wake msaidizi, Joe Gibbs, akamtazame Grambling. Gibbs alirudi na sifa tupu, na mwaka 1978 Williams akachaguliwa katika mzunguko wa kwanza.

Miaka kumi baadaye wawili hao walikutana tena Washington, Gibbs akiwa kocha mkuu na Williams akiwa kwotabeki aliyeanza msimu benchi. Tarehe 31 Januari 1988, mjini San Diego, Washington ilicheza na Denver katika fainali ya Super Bowl. Williams alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuanza fainali hiyo katika nafasi ya kwotabeki. Denver ilitangulia kwa pointi 10, na Williams akaumia goti. Alirejea uwanjani, na katika robo ya pili peke yake akarusha pasi nne zilizozaa mabao. Washington ilishinda kwa pointi 42 kwa 10, na Williams akatajwa mchezaji bora wa fainali.

Robinson, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 69, alikuwapo uwanjani na akamkumbatia mwanafunzi wake. Alikilinganisha kilichotokea na ushindi wa bondia Joe Louis dhidi ya Max Schmeling mwaka 1938, ambao watu weusi wa rika lake waliusikiliza redioni wakiwa vijana. Kwotabeki wa Leland, ambaye klabu yoyote isingemtazama mara mbili, alikuwa ameshuhudia swali lile likijibiwa mbele ya taifa zima.

Lango likafunguka, vijana wakapita

Ushindi huo ulikuwa na gharama yake, na aliyeilipa ni Grambling. Mnamo Septemba 1970, timu ya USC kutoka California, yenye nyota weusi, iliichapa Alabama ya Paul Bryant kwa pointi 42 kwa 21 palepale Birmingham. Vyuo vikuu vya Wazungu vya kusini vilikuwa vimekwisha kuanza kubadilika, na baada ya hapo vikaharakisha. Katika miaka michache LSU, Alabama na wengineo walikuwa wakigonga milango ya familia zilezile ambazo zamani zilimjua Robinson peke yake. Walikuja na viwanja vya watu maelfu, michezo ya televisheni na vifaa ambavyo Grambling haikuweza kuvinunua.

Robinson hakuwahi kudai kwamba lango lile lingebaki limefungwa ili yeye apate wachezaji. Alikuwa ametumia maisha yake kulisukuma. Hata hivyo aliendelea kushinda kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa: tangu 1960 hadi 1986, misimu 27 mfululizo, Grambling haikumaliza msimu hata mmoja ikiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Kwa jumla alitwaa ubingwa wa kanda ya SWAC mara 17, peke yake au kwa kugawana na wengine.

Hakukosa wakosoaji. Mwaka 1967 wanafunzi wa Grambling waligoma wakilalamika kwamba chuo kinaipa michezo uzito kuliko masomo. Katika miaka ileile ya harakati, baadhi ya vijana walimwona mpole mno. Robinson aliipenda nchi yake waziwazi na aliwafundisha wachezaji wake kusema kwamba wao ni Wamarekani, katika jimbo ambalo halikumruhusu kula mezani pamoja na wengine. Kwake hilo halikuwa kusahau. Aliamini kwamba anayedai haki ya mwananchi lazima kwanza ajihesabu kuwa mwananchi. Wengine walisema pia kwamba ushindi wake mwingi ulikuwa dhidi ya vyuo vidogo. Ni kweli, ila si yeye aliyechagua wapinzani wake kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Walichaguliwa na ubaguzi.

Tarehe 7 Oktoba 1995 Robinson alipata ushindi wa 400, kocha wa kwanza wa futiboli ya vyuo kufika hapo. Lakini msimu huo uliisha kwa vipigo vingi kuliko ushindi, na uliofuata ukawa mbaya zaidi. Chama cha michezo ya vyuo kikaanza kuchunguza uendeshaji wa timu. Mwishoni mwa 1996 kulikuwa na shinikizo la kumtaka aondoke mara moja. Habari hiyo ilizua ghadhabu kote nchini, na mzee huyo akapewa msimu mmoja wa kuagana.

Msimu huo ulikuwa wa ushindi 3 na vipigo 8. Kila mji aliokwenda ulimpa zawadi na makofi, na timu yake ilishindwa. Tarehe 29 Novemba 1997, katika Bayou Classic mjini New Orleans, Southern iliifunga Grambling kwa pointi 30 kwa 7, na Eddie Robinson akatoka uwanjani kwa mara ya mwisho akiwa kocha. Aliyeirithi kazi yake alikuwa Doug Williams, ambaye aliiletea Grambling ubingwa wa kanda mara tatu mfululizo, tangu 2000 hadi 2002.

Kumbukumbu

Baada ya kustaafu, Robinson alishikwa na ugonjwa wa Alzheimer, unaomnyang'anya mtu kumbukumbu zake kidogo kidogo. Mtu aliyeweza kutaja majina ya wachezaji wa miaka hamsini, na ya wazazi wao, alianza kupotelewa nayo. Doris, mkewe wa tangu 1941, alibaki kando yake. Robinson alizoea kujivunia kwamba maishani mwake alikuwa na mwajiri mmoja na mke mmoja.

Alifariki tarehe 3 Aprili 2007 katika hospitali ya mji wa Ruston, karibu na Grambling, akiwa na umri wa miaka 88. Mwili wake uliwekwa katika ukumbi wa jengo la bunge la jimbo mjini Baton Rouge ili wananchi wauage. Ulikuwa mji uleule ambako akiwa kijana hakuweza kuvaa jezi ya chuo kikuu cha jimbo.

Hesabu za ushindi zimekwisha kupitwa. Mwaka 2003 John Gagliardi, kocha wa chuo kidogo cha Minnesota, alivuka 408. Katika ngazi ya juu, Joe Paterno wa Penn State alifikisha 409. Ushindi wake mwingi ulifutwa mwaka 2012, kisha ukarudishwa mwaka 2015. Robinson hakuwa hai kuyaona mabishano hayo. Grambling kuna uwanja wenye jina lake, na tangu 2010 kuna jumba la makumbusho la maisha yake. Tuzo ya kocha bora wa mwaka inayotolewa na waandishi wa futiboli ya vyuo inaitwa kwa jina lake.

Tarehe 12 Februari 2023, siku moja kabla ya siku ambayo angetimiza miaka 104, fainali ya Super Bowl ilichezwa katika jimbo la Arizona. Kwa mara ya kwanza makwotabeki wa pande zote mbili walikuwa weusi: Patrick Mahomes wa Kansas City, klabu ileile iliyomchukua Buck Buchanan miaka 60 kabla, na Jalen Hurts wa Philadelphia. Hakuna hata mmoja wao aliyesoma Grambling. Lango alilolisukuma Robinson lilikuwa wazi, na vijana walikuwa wakipita kutoka kila upande.